Kitanda Kilichokwenda Vanga

Toka Gazi mpaka Shimoni hakuna mwanamke anayewamba kitanda kikakaza kama mimi. Nasema hivi kwa sababu ni kweli, na kwa sababu wanaoujua ukweli huo wana tabia ya kunyamaza. Makumbi ya nazi nayafukia mwenyewe kwenye matope, nayaponda mwenyewe, kamba nasokota mwenyewe, na nikishamaliza kuwamba, hata mtu mwenye mwili wake akilala mgongo haugusi sakafu. Jina langu ni Mwanaima. Mume wangu ni Fundi Seifu wa Msambweni, muunda mashua, mwana wa muunda mashua, mjukuu wa muunda mashua, na ukikaa naye kidogo atakutajia na wale wa kabla ya hapo.

Wenye majivuno wawili wakioana, Mungu huwapa mtoto mmoja awasuluhishe. Sisi tulipewa Asiya. Alikwenda Mombasa kusomea uuguzi na ukunga, akarudi mwaka wa pili baada ya Uhuru akiwa na gauni jeupe, viatu vyeupe na uso usiocheka ovyo. Siku ya kwanza alipopita sokoni na gauni lile nilimfuata nyuma kwa makusudi, ili kila mtu aone alikotoka.

Haukupita muda, akaja nyumbani kwetu afisa wa afya, Bwana Kavumbi, mtu wa Kinango aliyekulia kati ya ng'ombe na akasoma mpaka akavaa tai. Alikuwa mtu wa heshima. Alivua viatu mlangoni, akaamkia, akanywa kahawa mpaka mwisho, ndipo akaeleza shida yake. Kutoka Funzi mpaka Vanga kulikuwa na vijiji vilivyojificha nyuma ya mikoko, ambako mwanamke akishikwa na uchungu wa kuzaa hakuna gari linaloweza kumfikia. Alitaka mashua ya zahanati. Mkunga akae ndani yake siku kadhaa, maji yakijaa aingie mkononi mwa bahari, yakitoka akae palepale kwenye matope awahudumie watu. Lakini miezi ya upepo wa kusi mashua ndogo haipiti nje ya miamba, kwa hiyo kutoka hori moja, mkono mmoja wa bahari, hadi jingine ingebidi ivutwe kwa barabara, juu ya trela, nyuma ya Landrova.

Na barabara ilikuwa na masharti mawili. La kwanza ni daraja la mbao lililo kabla ya kufika Vanga, jembamba, lenye vizuizi vya magogo kila upande. La pili ni kilima cha udongo mwekundu, ambapo Landrova ikibeba mzigo mzito hurudi nyuma badala ya kwenda mbele. Bwana Kavumbi alikuwa amekata ufito wenye urefu sawa na upana wa daraja lile. Akauweka mkekani mbele ya mume wangu.

"Chombo kipite hapa, fundi," alisema, "na ndani yake pawe na nyumba."

Akaitaja hiyo nyumba. Mahali pa mgonjwa kujilaza. Mahali pa mkunga kulala, penye pazia. Mahali pengine, mbali na hapo, pa Kaingu, ambaye ndiye dereva wa Landrova na ndiye mshika usukani wa mashua. Sanduku la dawa, pipa la maji, jiko la mafuta ya taa. Kisha akasema jambo lililonifanya niweke kikombe chini. Kama nafasi haitapatikana, mashua itapewa mganga wa kiume wa hospitali, maana mwanamume hulala popote, na Asiya atapelekwa kufanya kazi bara, safari ya siku mbili kwa gari la moshi na basi. Hakusema kwa kutisha. Alisema hawezi kumwomba binti wa watu alale ubavuni mwa dereva, na mimi nilimheshimu kwa hilo.

Asiya alikuwa akitazama ule ufito.

Seifu aliunda mashua. Lo, aliiunda! Mbao za mvule, mkuku, uti wa mgongo wa chombo, ulionyooka, na katikati kijumba chenye dirisha. Watu walitoka Waa kuja kuitazama. Na hapa ndipo lilipotokea kosa ambalo asingelifanya mtu wa kazi nyingine yoyote. Katika ukoo wa Seifu chombo hupimwa ndani. Upana wake kwao ni pale watu na mizigo wanapokaa. Unene wa mbao, na ule ubao wa nje unaokinga mbavu zisigonge gati, hivyo wao huviita ngozi, na husema hakuna mtu anayepimwa tumbo pamoja na kanzu yake. Kwa hiyo Seifu aliuchukua ufito wa Bwana Kavumbi, akauingiza ndani ya mashua, ukakaa sawasawa kutoka ubao mpaka ubao, akatabasamu, akaenda kuswali.

Siku ya kuijaribu barabarani tulipakiwa nyuma ya Landrova, mimi, Seifu na Asiya, na mashua ikifuata juu ya trela yake. Kwenye kilima cha udongo tulishuka sote tukasukuma, na moshi ulitoka mahali ambapo Kaingu alisema haufai kutoka. Tulipofika darajani, Kaingu aliingia polepole. Magogo yakalia, mashua ikakwama. Haikwenda mbele wala haikurudi nyuma. Watu wenye mihogo na mbuzi wakajipanga pande zote mbili, kila mmoja na ushauri wake, na mmoja aliuliza kwa sauti kama fundi wa chombo hiki anatoka nchi isiyo na madaraja. Seifu alishuka, akaenda kusimama peke yake ukingoni mwa mto. Miaka yote niliyokaa naye sikuwahi kumwona ameinamisha kichwa mbele za watu, na nilitamani kumpiga kofi yule mwenye mbuzi.

"Chombo ni kizuri, fundi," Bwana Kavumbi alimwambia baada ya mashua kunasuliwa. "Lakini hakifiki."

Akampa nafasi ya mwisho. Maulidi yakipita bila chombo, ataandika jina la mganga wa kiume.

Seifu aliibomoa mashua ile kwa mikono yake mwenyewe. Sikupenda kuwa karibu. Alipunguza mataruma, zile mbavu za ndani, akatafuta mbao nyepesi, akauacha ule ubao wa nje, na safari hii ufito aliupitisha juu ya kila kitu, hata juu ya vichwa vya misumari. Kilichotoka kilikuwa chombo chembamba, chepesi, cha kupendeza namna yake. Kilipita barabarani bila shida, Kaingu alikwenda kukijaribu akarudi anacheka. Seifu naye akaanza tena kuvaa kofia yake upande.

Ndipo nikaingia ndani na mkeka wangu. Nikamwita Asiya, nikamwambia alale, nikalala mimi ubavuni mwake, nikaagiza gunia la nazi liwekwe mahali pa mgonjwa. Kiwiko changu kilikuwa mbavuni mwa mwanangu na gunia lilikuwa tumboni mwangu. Sanduku la dawa lilibaki mchangani. Nikamuuliza Seifu, Kaingu atalala wapi, juu ya mashine ya chombo? Akasema mashua si ukumbi wa harusi. Nikamwambia haikuombwa kuwa ukumbi, iliombwa kuwa nyumba, na nyumba hii haimtoshi hata paka mwenye adabu.

Tuligombana mpaka nyumbani. Na katikati ya ugomvi, nikiwa nimekasirika kiasi cha kusema lolote, ndipo neno likanitoka. Nilisema kama ndani hapana nafasi, nje iko bahari nzima. Aweke mirengu na ndubi, watu walale pembeni, juu ya maji.

Asiyejua atauliza nilisema nini cha ajabu. Ngalawa ni mtumbwi mwembamba, una miti miwili inayoukatiza juu, ndiyo mirengu, na kwenye ncha zake kuna mbao za kuelea, ndubi, zinazouzuia usipinduke. Maskini wote wa pwani wana ngalawa. Waunda mashua husema ni mtumbwi unaotembelea mikongojo.

Seifu aliketi kitandani. Hasira ilimtoka, ikaja huzuni, na huzuni yake ni mbaya zaidi.

"Sisi si watu wa ngalawa, Mwanaima," alisema. "Babu yangu alikuwa anavuka kwenda kumzika dada yake Wasini. Akakuta ngalawa peke yake ndiyo inayoondoka. Akangoja mashua. Kufika, kaburi limeshafukiwa."

"Na akajisifu kwa hilo?"

"Mpaka kufa kwake."

Nikajua kwamba kwa maneno sitamweza. Lakini Maulidi yalikuwa yanakuja, na mimi nilikuwa na mtoto mmoja tu. Nililiona hilo gari la moshi kila nikifumba macho. Wazee husema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mimi ni mwamba vitanda, na niliamua kuivutia kwa mwanangu.

Ijumaa, Seifu alipokwenda msikitini, nilimwita jirani yangu Jumwa, tukakitoa kitanda chetu chumbani. Kitanda kile Seifu alikichonga mwenyewe mwaka aliponioa. Mifumbati yake, ile miti ya pembeni, ni ya mvule, imenyooka, na kamba nilikuwa nimeiwamba upya mwaka ule. Tulikichukua vichwani mpaka ufukweni, watu wakituuliza nani amefariki.

Seifu aliporudi akakuta chumba kitupu.

"Kitanda kiko wapi?"

"Kimekwenda kazini," nikamwambia.

Akatandika mkeka, akalala. Mimi nami nililala chini, na nyonga ziliniuma, lakini afadhali nyonga ziume kuliko kumwambia.

Kulipokucha nilitafuta boriti mbili za mkoko, nikazifunga zikatize chombo, zikatokeza upande mmoja, na juu ya sehemu iliyotokeza nikakifunga kitanda. Nilifunga vifundo ambavyo mpaka leo nikivikumbuka najipongeza. Maji yalipojaa na chombo kikaelea, nilipanda mbele ya watu wote waliokuwa ufukweni, na walikuwa wengi, maana Jumwa hana siri. Nikasema bismillahi, nikaketi juu ya kitanda changu kama mke wa liwali.

Chombo kikainama kwa adabu zote, kikanimwaga.

Maji yalikuwa ya kifuani. Niliibuka leso moja imekwenda upande wa Funzi na nyingine imenishika shingo, na jambo la kwanza nililosikia ni kicheko. Wengine wote walikuwa wanajizuia. Aliyecheka alikuwa Seifu, amesimama mchangani na tezo yake ya kuchongea begani, anacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu siku ya daraja. Nilitafuta kitu cha kumtupia, nikakuta nina maji tu.

Akaingia majini na nguo zake. Nilidhani anakuja kunitoa. Alinipita. Alikwenda moja kwa moja kwenye vifundo vyangu, akavishika kimoja kimoja, akavuta, akagonga boriti kwa kidole, akainama kutazama chini ya kitanda. Nilimwona uso unabadilika. Mume wangu anaweza kuvumilia kushindwa katika maneno, lakini kazi mbovu ikiwa mbele yake na tezo iko mkononi, hawezi kuiacha, angekufa.

"Vifundo ni vizuri," alisema. "Lakini kitanda gani kinasimama kwa miguu ya upande mmoja?"

Nikanyamaza. Nilijua kunyamaza siku hiyo ni kazi kubwa kuliko kufunga vifundo.

"Hiki kinataka matendegu," akasema, "nayo yasimame baharini. Na kiwe na mwenzake upande wa pili."

Alitafuta gogo la msufi, mti mwepesi, akaanza kuchonga mchana uleule. Mpaka kesho mume wangu hajawahi kutamka kwamba alichonga ndubi. Kila aliyepita akimuuliza, fundi, ndubi hizo, alijibu, matendegu, miguu ya kitanda. Vijana walirudi mara mbili mbili kumuuliza ili wasikie jibu, naye alilitoa lilelile bila kuchoka. Mimi sikumsahihisha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye alikuwa ameinama kwa namna yake, akitazama juu.

Na lazima niseme kweli, kazi ilipokuwa mikononi mwake ilikuwa kazi nyingine. Yeye ndiye aliyekataa hata msumari mmoja. Kila kitu kilifungwa kwa kamba, ili barabarani kifunguliwe: mirengu ilazwe tumboni mwa chombo pamoja na matendegu ya msufi, na vitanda viwili vipangwe juu yake kimoja juu ya kingine. Kufika majini, vinafunguliwa na kufungwa tena. Upande wa kulia kitanda chetu, cha mgonjwa. Upande wa kushoto kitanda kipya, cha Asiya, na pazia la kitambaa cha marekani limezunguka. Katikati, sasa pakiwa wazi, sanduku la dawa, pipa na jiko. Mbele kabisa, nyuma ya turubai, mahali pa Kaingu na mkeka wake. Barabarani kilikuwa chombo chembamba kilichobeba nyumba yake tumboni.

Kamba zote zilikuwa zangu. Kamba mpya ya makumbi hulegea, anayekwambia hailegei hajui kazi. Niliwamba, nikailoweka kwa maji ya chumvi, nikaiacha ilegee, nikawamba tena, na tena. Tulishinda ufukweni kutoka asubuhi, mbao zake na kamba zangu, tukibishana juu ya kila kifundo. Miaka yote ya ndoa yetu hatukuwahi kufanya kazi moja. Nilikuwa na furaha, nasema wazi, furaha ambayo hata siku ya harusi sikuwa nayo, maana siku ya harusi nilikuwa na woga. Jioni Asiya alikuja kutoka hospitali na gauni lake jeupe, akasimama kando ya kitanda cha mgonjwa, akainyoosha mikono kana kwamba mtu yuko pale. Alisema, juu kidogo. Kesho yake alisema, nyuma kidogo. Baba yake, ambaye hakuwahi kupokea amri ya mtu ufukweni, alifungua akafunga upya.

Maulidi yalipokaribia tukaondoka kwenda Vanga. Kwenye kilima cha udongo hakuna aliyeshuka. Kaingu alipiga honi pale juu, sijui alikuwa anamwambia nani. Darajani Seifu alishuka, akatangulia akitembea kinyumenyume, macho yake kwenye magogo. Kila upande palibaki nafasi ya kupitisha ngumi. Ng'ambo ya pili Seifu aligeuka akaendelea kutembea mbele ya gari, polepole, mikono nyuma, ingawa daraja lilikuwa limekwisha na Kaingu alikuwa anamsubiri apande.

Vanga nzima ilikuwa imekuja kutazama. Chombo kilishushwa majini, na Asiya na Kaingu wakaanza kufunga. Nilikuwa nimewafundisha, na nilikuwa nimejiapiza nisiwasaidie. Niliuma leso. Mwanangu alivuta kila kamba kwa mguu, kama ninavyovuta mimi, akaipiga kofi isikike, kama ninavyopiga mimi. Walipomaliza, kilichokuwa chembamba kilikuwa kimetandaza mbawa, na kulikuwa na nyumba juu ya maji.

Bwana Kavumbi alikunja suruali, akaingia kwenye maji, akakizunguka chote. Alionekana ameridhika. Lakini hakusema ndiyo.

"Mimi ni mtu wa ng'ombe," alisema. "Bahari siijui, naogopa hata kuogelea. Ila nimeona ng'ombe wengi wakizaa, na ng'ombe anayezaa hatulii. Nataka kuona mtu mzito akihangaika juu ya kitanda hiki. Kikiyumba, naomba mnisamehe, sitaweka mama mjamzito juu yake, wala mkunga."

Ilikuwa haki yake. Akawageukia wanawake wa Vanga, akaomba mmoja apande. Hakuna aliyesogea. Wajawazito walisema wakilala kitanda cha uzazi kabla ya siku zao wataita uchungu kabla ya mwezi wake, na wasio wajawazito walisema hawachezei mambo hayo. Mimi nikasogea mbele, lakini Bwana Kavumbi akatikisa kichwa. Mwili wangu ni wa kuku, alisema kwa maneno ya heshima zaidi, na tena mimi nitakionea huruma kitanda changu. Nikamwona Asiya ameshika ukingo wa chombo. Watu walianza kunong'ona. Niliwaza, tumepita daraja, tumepita kilima, tunakwama kwa kukosa mgonjwa.

Seifu alinikabidhi bakora yake. Siku hiyo alikuwa amevaa kanzu nyeupe na kofia ya kushonwa kwa mkono, maana alitaka Vanga wamwone muunda chombo. Akavua viatu, akavipanga pamoja, akaingia majini. Ni mtu mrefu na mzito, mume wangu. Akapanda upande wa kulia, akalala kitanda cha mgonjwa, kofia kichwani, mikono kifuani, uso juu. Watu wakanyamaza kwa sababu hawakujua kama wanaruhusiwa kucheka.

Asiya alinawa mikono kwenye beseni, kama alivyofundishwa. Akasogea kando ya kitanda. Akamtazama baba yake, naye baba yake akamtazama, na nilidhani mmoja wao atashindwa kujizuia.

"Lala ubavu, mama," Asiya akasema, kwa sauti ya hospitali.

Seifu akageuka, akalala ubavu.

"Sasa uchungu, fundi," akasema Bwana Kavumbi kutoka kwenye maji.

Nilijua Seifu hawezi kufanya kitu nusu. Alishika mfumbati kwa mikono miwili, akapiga teke, akajikunja, akajinyoosha, akajirusha ubavu huu na ule. Kamba zilinguruma. Tendegu la msufi lilizama kidogo, likainuka, lile la pili nalo likainuka likatulia. Chombo hakikuinama. Akazidi. Kisha akafungua kinywa, na sauti yake ikafika mpaka kwenye mikoko.

"Seifu! Seifu we! Mungu anakuona! Njoo uzae wewe!"

Vanga ikaanguka. Wanawake waliketi kwenye matope kwa kucheka, Kaingu alishika usukani asianguke. Mimi sikucheka. Maneno yale ni yangu. Niliyasema siku ya kumzaa Asiya, juu ya kitanda kilekile, mlango umefungwa, na mkunga akinikemea ninyamaze. Sikuwahi kumsimulia mtu, kwa haya. Kumbe Seifu alikuwa nje ya mlango, akasikia kila neno, akayaweka miaka yote hii bila kunitania nayo hata siku moja. Machozi yalinitoka na sikuyafuta. Nilisimama kwenye matope ya Vanga na bakora ya mume wangu mkononi, na nilimpenda mbele ya watu wote wale, na nilijiona mkubwa.

Bwana Kavumbi alikuwa ameinama anatazama chini ya kitanda. Maji hayakuwa yamegusa kamba hata moja. Akasimama wima, akajipangusa uso, sijui jasho au maji ya bahari.

"Muuguzi Asiya," akasema, "chombo ni chako."

Asiya aliitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyeambiwa jambo analolijua. Kisha akageuka kuelekea kwenye sanduku la dawa, akatupa mgongo, na mabega yake yakatikisika. Baba yake alikuwa bado amelala. Nadhani hakujua amalizeje.

Ndipo mwanamke mmoja akainuka kutoka kwenye kundi. Jina lake Waridi, mimba yake kubwa, ya mwisho mwisho, na muda wote uliopita alikuwa amesimama nyuma kabisa akitikisa kichwa. Alijifunga leso vizuri, akaingia majini taratibu mpaka kwenye kitanda, akamgusa Seifu mguu.

"Ukishazaa ushuke, baba," akamwambia. "Na mimi nataka kupimwa."

Seifu akaketi, akainyoosha kofia yake, akashuka. Mwanangu akamnyooshea Waridi mkono.